Uligusa Nini Mwisho

Kazi yangu ni kupiga chapa. Naandika barua za kuomba kazi, mikataba ya kukodi shamba na kadi za harusi, lakini ugali wangu hasa unatoka kwa programu za mazishi, vile vijitabu vinavyogawiwa kanisani. Kila wasifu wa marehemu unaopita mikononi mwangu huanza na neno alizaliwa. Alizaliwa mahali fulani, mtoto wa tatu katika familia ya watoto tisa ya marehemu fulani na mkewe fulani. Hapa sitaanza hivyo. Sijui Fundi alizaliwa lini wala wapi. Sikuwahi kumuuliza, na ningemuuliza angeniambia nirudi kwa kazi yangu.

Sikumpenda. Nalisema mapema ili mtu asisome hadi katikati akingoja nimsifu. Tulikaa korido moja miaka kumi na minne, mlango wangu ukitazamana na wake, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe hapa mjini Eldoret. Yeye alitengeneza kompyuta. Mimi niliandika wafu. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo tulisalimiana tu kwa sababu ngazi ni nyembamba na mtu hawezi kupita bila kumgusa mwenzake.

Alikuwa mtu mkali. Mteja akipanda zile ngazi amekumbatia mashine yake kama mtoto mgonjwa, Fundi hakuinua kichwa.

"Fundi, komputa yangu imekufa."

"Imekufa? Sasa umeniletea mwili? Mochari iko chini huko."

Mteja anacheka kidogo akidhani ni mzaha. Fundi hacheki.

"Haijafa. Imekataa. Sema imekataa. Uligusa nini mwisho?"

"Sikugusa kitu, Fundi. Iliamka tu hivyo."

"Basi rudi nayo ukikumbuka."

Na alimaanisha. Niliona watu wazima wakishuka ngazi na mashine zao, wakisimama pale barabarani karibu na mifuko ya mbolea, wakiwaza, kisha wakipanda tena kukiri kwamba ndiyo, walikuwa wameongeza kitu, au wametoa waya, au mtoto alimwaga uji. Hapo ndipo alipoinua kichwa. Alisema kila mtu huja akiwa hajagusa, na kwamba kazi ya ufundi nusu yake ni bisibisi, nusu nyingine ni kumtoa mtu uongo.

Swali hilo alilitumia kwa kila jambo. Palikuwa na mshonaji nguo chumba cha mwisho, mtu wa mji wa Turbo, mcheshi, ambaye siku moja alikuja koridoni akiwa amenyong'onyea.

"Fundi, mama watoto amerudi kwao."

"Uligusa nini mwisho?"

Tulicheka wiki nzima. Mshonaji alicheka pia, lakini nilimwona baadaye amekaa mbele ya cherehani, mguu uko kwenye kanyagio na haukanyagi. Nadhani alikuwa anatafuta jibu.

Mara moja alimliza mwalimu. Alikuwa mwanamke mpole anayekaa mtaa wa Pioneer, alama za darasa zima zilikuwa ndani ya laptopu yake, na shule ilizihitaji kesho yake. Alisema hakugusa kitu. Fundi akaigeuza laptopu juu chini, akainusa, akaiweka mezani.

"Hii imekunywa chai. Ya maziwa. Na sukari nyingi. Unaniambia hukugusa?"

Alimsimamisha pale mbele ya wateja wengine mpaka akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kikombe kilianguka. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kesho yake asubuhi laptopu ilikuwa inafanya kazi, safi hata katikati ya vibonye, na alama zote zilikuwamo. Alimkabidhi bila neno jema hata moja. Mwalimu alipotoka, nilimwambia Fundi kutoka mlangoni kwangu kwamba hana adabu. Akanijibu kwamba adabu haikaushi chai.

Nilivyokuwa namchukia ndivyo nilivyojua mambo yake, maana mtu unayemchukia unamtazama sana. Katika mji huu wa maziwa, yeye alikunywa chai ya rangi. Alivaa sweta lisilo na mikono, la kijivu, mvua na jua. Hakuvumilia vitambaa vya kufuma. Sisi akina mama tunafunika kila kitu kwa vitambaa, kochi, redio, televisheni, na sanduku la kompyuta, lile tunaloliita sipiyu, tunalifunika pia. Mashine ikiletwa kwake na kitambaa juu, alikivuta kwa vidole viwili kama anaondoa panya aliyekufa. "Hii ni kochi? Inapumulia wapi?" Vitambaa alivyovivua alivirundika kwenye katoni chini ya meza, na hakuna mama aliyethubutu kuvidai.

Mafundi wengi wa mji huu, ukiwaachia mashine, ukirudi unaikuta na viungo vya mashine nyingine. Yeye hakuwahi. Kila kipande alikitia alama ya nukta ndogo kwa rangi ya kucha, nyekundu, mbele yako, ili ukirudi uhakikishe ni chako. Kipande kibovu alikutilia kwenye bahasha urudi nacho nyumbani. Rangi ile ya kucha ilikuwa ya mke wake. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Alitoka sehemu za kati za nchi, mimi nilitoka upande wa magharibi, na kila kura zilipokaribia alifunga chumba chake wiki nzima bila kuaga. Hakuna aliyemuuliza. Sote tulijua watu wa kwao hufukuzwa hapa kura zikiharibika. Alirudi, akafungua kufuli, akaendelea na mashine pale alipoiacha.

Neno ambalo hakuwa nalo ni pole. Hapa kwetu mtu akijikwaa unamwambia pole hata kama si wewe uliyeliweka jiwe. Mtu akikohoa, pole. Akitoka kazini, pole na kazi. Fundi aliliruka neno hilo kama shimo la barabarani. Mshonaji alidungwa na sindano hadi kwenye mfupa, sote tukasema pole, Fundi akaja na koleo akaitoa ile sindano, akarudi kwake. "Pole haitoi sindano," alisema.

Sasa nifike kwa binti yangu.

Binti yangu aliitwa Nanjala. Alikuwa akifanya kazi nami tangu amalize shule. Mimi nimesoma hadi darasa la nane na kozi ya taipu, mikono yangu ina kasi lakini jicho langu linaruka makosa. Nanjala alikuja na utaratibu wake. Mimi nikimaliza kuandika wasifu, yeye anausoma kwa sauti, pole pole, na kompyuta inarekodi. Kisha mimi navaa vile vya masikioni, nasikiliza huku nikifuata karatasi kwa kidole. Kosa ambalo jicho limeliruka, sikio linalikamata. Tulifanya hivyo kwa kila programu, miaka minne, na rekodi zote zilikaa kwenye mashine, katika faili moja aliloliita KUSOMA.

Aliugua wiki tatu. Alifia hospitali ya misheni kule Plateau, walimhudumia vizuri, sina neno nao. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Niliporudi kazini baada ya mazishi, watu wa korido walikuja mmoja mmoja. Pole mama. Pole sana. Mshonaji alilia. Wote waliacha kuniita Mama Nanjala, wakawa wananiita Mama tu, kwa sauti ya chini, kana kwamba jina lile ni moto. Fundi alikuja wa mwisho. Alisimama mlangoni na sweta lake, hakuingia.

"Mama Nanjala."

"Naam."

"Kabla hajaanza kuugua, nini kilibadilika?"

Nilimtazama. Nilidhani sijasikia.

"Alihama chumba? Alibadilisha maji? Kuna kitu alianza kula?"

Nilimwambia atoke mlangoni kwangu. Nilimwambia maneno mengine pia ambayo siwezi kuyaandika, na mimi ni mtu wa kanisa.  Alirudi kwake, nikasikia bisibisi ikizunguka.

Kilichonichoma ni kwamba swali hilo ndilo nililokuwa najiuliza mwenyewe kila siku tangu wiki ile ya kwanza. Nini kilibadilika? Nilikuwa nimelificha hata kwa dada zangu. Yeye akalitoa hadharani, koridoni, saa nne asubuhi. Tangu siku hiyo hatukusalimiana hata ngazini. Na yeye ndiye peke yake aliyeendelea kuniita Mama Nanjala, akimtuma mteja, "Muulize Mama Nanjala kama ana karatasi." Kila nikilisikia niliusukuma mlango wangu ukafungwa.

Kilichonibakizia binti yangu ni lile faili. Picha ninazo, lakini picha haisemi. Asubuhi kabla ya kufungulia wateja nilichagua rekodi moja, nikasikiliza. Alikuwa akisoma maisha ya watu wengine, wakulima, makarani, nyanya waliokufa na miaka tisini. "Atakumbukwa kwa ukarimu wake." Mimi sikujali alikuwa anasoma nani. Nilisikiliza anavyovuta pumzi kabla ya sentensi ndefu.

Mashine ilikuwa ya zamani na ikawa nzito. Nikibonyeza herufi, inakuja baada ya mimi kusahau nilibonyeza nini. Mteja mmoja akaniambia, mama, ongeza memori. Kumwendea Fundi, mlango ulio mbele yangu, sikuweza. Nikanunua memori ya mtumba kwa muuzaji mmoja wa barabarani, akanionyesha kwa mkono jinsi inavyoingia, ni kijiti chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, unakisukuma kwenye mfereji wake mpaka kilie.

Jumamosi nikafungua sanduku mwenyewe. Nikatoa kile cha zamani nikione kilivyokaa, nikasukuma kipya. Kikakataa. Mfereji ulikuwa unabana. Sasa mama yangu mzazi alikuwa mshonaji, najua cherehani ikibana unafanya nini. Nikachukua mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale tunayojipaka wote mikono na miguu wakati wa baridi, nikapaka kidogo kwenye meno ya kijiti kipya. Kikateleza. Nikapaka na kile cha zamani. Vyote vikaingia kama kisu kwenye siagi, nikajipongeza.

Nilipowasha, skrini ilibaki nyeusi. Sanduku likalia: ti, ti, ti. Likanyamaza. Likalia tena: ti, ti, ti.

Nilizima, nikawasha. Ti, ti, ti. Nikachomoa kila kitu nikachomeka. Nikaomba. Ti, ti, ti. Nikakumbuka kitu alichonifundisha Nanjala mwenyewe, kwamba memori maana yake ni kumbukumbu.  Nilikuwa nimetia mkono kwenye kumbukumbu za mashine, nikazing'oa, nikazipaka mafuta, na sauti ya mtoto wangu ilikuwa humo. Nilifunika sanduku na kitambaa nikakaa chini sakafuni.

Sijui nilikaa muda gani. Kisha nikalibeba. Ni hatua nne kutoka mlango wangu hadi wake. Palikuwa na wateja watatu, na mshonaji amekuja kuomba maji ya moto. Sikusema imekufa. Nilisema, "Fundi, imekataa."

Hakuinua kichwa. "Uligusa nini mwisho?"

"Memori. Niliongeza memori."

"Nani aliongeza?"

"Mimi."

Akavuta kitambaa changu kwa vidole viwili, akakitupa katonini. Akafungua sanduku, akachomoa kijiti kimoja, akakiinua kwenye mwanga. Akakisogeza karibu na pua. Akafunga macho kidogo. 

"Mama Nanjala," alisema. "Ulikuwa unaikamua?"

Mshonaji alimwaga maji. Wale wateja walishika mbavu. Mmoja akauliza kama imetoa lita ngapi, mwingine akasema hiyo ni ng'ombe ya gredi, haiwezi kukosa galoni. Nilisimama katikati ya kicheko kile na ningeweza kusema ni losheni ya mikono, iligusa kwa bahati mbaya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ulikuwa rahisi.

"Ndiyo," nilisema. "Ilikuwa inabana. Nilipaka mafuta ya kukamulia. Vijiti vyote viwili."

Hapo akainua kichwa. Akawaambia wateja watoke wakachekee barabarani.

"Angalau leo umesema," alisema.

Nilijua anasema kuhusu nini, na hapa lazima nisimamishe hadithi ya mashine, kwa sababu nimeandika hadi hapa kana kwamba aliyekosa adabu katika korido ile alikuwa mmoja.

Miaka minne kabla ya Nanjala kufa, mke wa Fundi alikufa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, aliyekuja koridoni siku za Ijumaa na chakula kwenye kopo, kucha zake nyekundu. Programu ya mazishi yake niliiandika mimi. Wakati huo tulikuwa na haraka, na nitaeleza tulivyofanya kazi, kila mwandishi wa programu mji huu anafanya hivyo. Hatuanzi ukurasa mpya. Tunafungua wasifu wa marehemu aliyetangulia, tunafuta jina, tunaweka jina, tunabadilisha tarehe na makanisa. Aliyemtangulia alikuwa mzee mmoja wa Turbo, mkulima wa mahindi. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa mstari mmoja karibu na mwisho.

Kanisani katibu alisoma kwa sauti kubwa, bila kufikiri, kama makatibu wanavyosoma: "Ameacha watoto saba na wajukuu kumi na mmoja."

Fundi na mke wake hawakuwa wamejaliwa mtoto hata mmoja. Kanisa zima lilijua. Wengine waliguna. Wengine waliinama. Kuna waliogeuka kutazama nyuma, kana kwamba watoto saba wangeingia mlangoni.

Alikuja kwangu Jumatatu na ile programu mkononi.

"Watoto saba wa nani?"

Nikamwambia, "Hivyo ndivyo familia ilivyoleta. Mimi naandika nilichopewa."

"Nani katika familia?"

"Sikumbuki, Fundi. Walikuwa wengi."

Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Hakurudi kuuliza tena. Lakini korido ina masikio, na muda si muda watu wakaanza kumwita Baba Saba, yeye akiwa amegeuka. Mimi sikulianzisha jina hilo. Sikuwahi kulikataza pia, na siku mbili tatu nililicheka. Baada ya hapo ndipo Nanjala alipoanza kunisomea kila programu kwa sauti. Niliwaambia watu kwamba ni wazo zuri la kijana aliyesoma. Sikuwaambia lilitoka wapi.

Kwa hiyo aliposema angalau leo umesema, nilishika meza.

"Rekodi zangu," nilisema. "Sauti ya Nanjala. Ilikuwa kwenye memori. Nimeifuta?"

Akakunja uso kama nimemtukana.

"Nani alikuambia memori inakumbuka? Memori haikumbuki kitu. Ukizima stima tu, imesahau yote. Ni meza ya kufanyia kazi, jioni inapanguswa." Akagonga chuma cha mraba ndani ya sanduku kwa kucha. "Kinachokumbuka ni hii disk. Uliigusa?"

"Hapana."

"Hapana ya kweli ama ya ile siku?"

"Ya kweli."

"Basi ulikuwa unalilia mahali si pake. Na hiyo milio haikuwa kilio. Milio mitatu inasema memori. Ilikuwa inakuambia shida iko wapi. Nyinyi hamsikizi, mnafunika na kitambaa." Akavuta kiti. "Rudi Jumatatu. Hii mafuta yako imeingia kwa mfereji, nitaitoa na mswaki."

Sikusema asante. Yeye hakusema pole. Nilitoka.

Jumatatu nilipanda ngazi mapema, na kabla sijafika juu nikamsikia Nanjala.

Sauti yake ilikuwa inatoka mlangoni kwa Fundi, wazi, kubwa, ikijaza korido. Nilipanda zilizobaki mbili mbili. Sanduku langu lilikuwa mezani, limefunguliwa, vijiti vyote viwili ndani na nukta nyekundu juu yake. Kando palikuwa na mswaki, chupa ya spiriti, na raba ya kufutia, ile ya wanafunzi, imeisha upande mmoja na kuwa nyeusi kwa kusugua meno ya vijiti. Skrini ilikuwa inawaka. Fundi alikuwa amesimama, amenipa mgongo, mikono kwenye mifuko ya sweta.

"Nani alikuruhusu kufungua?" nilimwambia. "Nani alikuambia usikilize?"

"Napima spika," alisema bila kugeuka.

Nikanyoosha mkono nizime, na hapo ndipo nikasikia alikuwa anasoma nani. Ilikuwa rekodi ya kwanza kabisa ya faili lile. Mimi sikuwahi kuifungua, kwa sababu niliona jina lake. Lilikuwa jina la mke wa Fundi. Nanjala alikuwa ameuchukua wasifu ule baada ya mazishi, akaurekebisha peke yake, akausoma upya. Alisoma kanisa, alisoma kikundi cha akina mama, alisoma jinsi alivyopanda maua kwenye mikebe ya rangi. Akafika mwisho.

"Ameacha mume wake," alisoma. Akavuta pumzi. Kisha kwa sauti ya kawaida, ile ya nyumbani: "Mama, hivi ndivyo ingekuwa. Hawa watoto saba ni wa yule mzee wa Turbo, uliacha mstari. Tumwambie Fundi pole."

Rekodi ikaisha. Fundi akazima mashine kwa utaratibu, akangoja taa izime, akafunga sanduku, skrubu moja baada ya nyingine, zote nne. Akalisukuma kwangu.

"Chukua. Usiweke kitambaa."

Nililibeba. Nilikuwa na nafasi pale, mlangoni, ya kusema neno moja la herufi nne. Nilirudi kwangu nikafunga mlango. Nilikasirika naye kwa kusikiliza sauti ya mtoto wangu bila ruhusa, na hasira hiyo niliitunza vizuri, kwa sababu ilinifaa kujifichia.

Tuliishi hivyo mwaka mzima na zaidi. Kisha chumba chake kikafungwa, na haikuwa majira ya kura. Mshonaji akasema amelazwa Plateau, figo, na kwamba shemeji yake ndiye anayempelekea uji. Watu wa korido walikwenda kwa zamu. Mimi sikuwa nimekanyaga hospitali ile tangu nimtoe Nanjala. Nilikwenda Jumatano, saa za kuona wagonjwa.

Alikuwa amepungua, sweta lilikuwa kama limevalishwa fimbo. Alinitazama nikivuta kiti.

"Umeniletea pole?" alisema. "Wamejaza hapa. Iko chini ya kitanda, kwa katoni."

"Sikukuletea."

"Basi kaa."

Nilikaa. Dirisha lilikuwa linatazama shamba la mahindi.  Mwishowe nikamuuliza, kwa sababu alistahili, na kwa sababu nilitaka kidogo kumchoma.

"Fundi. Uligusa nini mwisho?"

Alicheka. Miaka kumi na minne, sikuwa nimemsikia akicheka. Ilimletea kikohozi, muuguzi akachungulia, akaenda.

"Mama Nanjala, nimetafuta," alisema akipata pumzi. "Hii sikugusa kitu. Kweli ya Mungu."

"Kila mtu husema hivyo."

"Eeh. Sasa nimewaamini." Akasema, "Na yule msichana wako. Hata yeye hakuna mlichogusa. Nilikuwa nataka kujua, nilikuwa sijajua kuuliza vingine."

Niliangalia mahindi. Nikasema, "Ule mstari wa watoto saba ulikuwa wangu. Nilikopi ya mtu. Nilikudanganya."

"Najua. Msichana wako alisema."

"Mbona hukuniambia kitu mwaka mzima?"

"Nilikuwa nangoja ukumbuke."

"Pole, Fundi," nilisema. "Pole kwa mke wako."

Hakusema asante wala hakusema haitengenezi kitu. Alitazama dari, taya zake zikienda kana kwamba anatafuna kitu kigumu. Baada ya muda akauliza, "Yangu utaandika wewe?"

"Wakiniletea."

"Watakuletea, ngazi ni moja." Akafumba macho. "Usikopi ya mtu."

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Shemeji yake aliniletea karatasi, na niliandika walichotaka: alizaliwa, alisoma, alifunga ndoa, ameacha ndugu na jamaa. Kilisomwa kanisani na hakuna aliyeguna. Sikusamehe kila kitu. Yule mwalimu wa Pioneer bado namwona amesimama pale analia, na sioni kama ilihitajika.

Leo asubuhi nimefungua ukurasa mpya, mweupe, usio na jina la mtu, nikaandika haya unayoyasoma. Nilipomaliza nilifunga mlango, nikawasha kurekodi, na kwa kuwa hakuna tena wa kunisomea, nikausoma mwenyewe kwa sauti tangu neno la kwanza, kidole kikifuata karatasi, nikitafuta mstari wa mtu mwingine.

Sikuuona.